Denis Osborne na Swali la Kijana wa Mkwawa

Jina la Denis Osborne hutajwa karibu kila mara likiwa la pili. Makala yoyote ya fizikia inayozungumzia maji ya moto kuwahi kuganda kuliko ya baridi huwataja watu wawili na mwaka mmoja: Mpemba na Osborne, 1969. Mpemba alikuwa kijana wa Kitanzania aliyelianzisha swali hilo akiwa bado sekondari. Osborne alikuwa Mwingereza, profesa wa fizikia aliyefundisha chuo kikuu Dar es Salaam. Erasto Mpemba ameandikwa sana, na anastahili. Mwenzake huachwa pembeni, kana kwamba alikuwa mpita njia tu. Lakini bila mazoea ya kazi aliyokuwa nayo mwalimu huyu, swali la kijana lingeishia ukumbini siku ileile, likazikwa na vicheko vya wenzake.

Osborne alizaliwa mwaka 1932, akasomea fizikia katika Chuo Kikuu cha Durham, kaskazini mwa Uingereza. Alimaliza masomo wakati makoloni yalipokuwa yakijikomboa moja baada ya jingine. Nchi mpya zilitaka vyuo vikuu vyao, na vyuo vilihitaji walimu wa sayansi upesi kuliko nchi zenyewe zilivyoweza kuwasomesha. Wageni wengi waliokuja kuziba pengo hilo walimaliza mkataba mmoja wakarudi kwao. Osborne alifundisha Afrika kwa zaidi ya miaka 10.

Alifika Ghana mwaka 1958, mwaka mmoja tu baada ya bendera ya uhuru kupandishwa Accra. Huko alipata jambo la kuchunguza ambalo Durham isingeweza kumpa.

Juu ya vichwa vya watu wanaoishi karibu na ikweta ya sumaku, kilomita 100 hivi kutoka ardhini, kuna mkondo wa umeme unaopita angani kila siku mchana. Jua likichomoza unaanza kupata nguvu, ukikaribia adhuhuri unafikia kilele, jua likizama unafifia. Hauonekani wala hausikiki. Hujulikana kwa alama yake tu: nguvu ya sumaku ya dunia, ikipimwa kwa chombo makini, hupanda mchana katika maeneo hayo kupita inavyopanda kwingineko. Ikweta hiyo ya sumaku haifuati mstari wa ikweta tunaouona kwenye ramani. Ikifika Afrika Magharibi inapanda kaskazini, na Ghana inakutana nayo katika sehemu zake za kaskazini. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Osborne alichapisha makala kuhusu mahali mkondo huo unapopita juu ya Ghana na jinsi unavyosogea, kisha akaandika jinsi nguvu yake inavyobadilika siku hadi siku.

Kazi ya namna hiyo humfundisha mtu subira. Leo mkondo una nguvu, kesho umelegea, keshokutwa umehama kidogo, na sababu haijulikani. Mtafiti hana la kufanya isipokuwa kupima tena na kuandika anachokiona, hata kama hakilingani na alichokitarajia. Pia humfundisha kwamba mahali alipo panaweza kuwa na jambo la asili ambalo maprofesa wa Ulaya hawajawahi kulitazama, kwa sababu tu halitokei mbele ya macho yao. Mafunzo hayo mawili yalikuja kumfaa sana Iringa, alipokutana na swali la Mpemba.

Mwaka 1964 Osborne alihamia Dar es Salaam. Chuo kilikuwa kichanga mno. Kilifunguliwa Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru wa Tanganyika, katika jengo la chama cha TANU pale Mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja tu cha sheria na wanafunzi wasiozidi 15. Shahada zake zilitolewa kwanza chini ya Chuo Kikuu cha London, kisha kuanzia 1963 chini ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilichoviunganisha vyuo vya Makerere, Nairobi na Dar es Salaam. Mwaka huohuo aliofika Osborne, chuo kilihamia kwenye kilima ambacho wakazi wa jiji hadi leo wanakiita Mlimani. Kitivo cha Sayansi kilianza mwaka 1965, kwa hiyo alikuwa miongoni mwa walioijenga idara ya fizikia tangu mwanzo: kuagiza vifaa, kupanga mitaala, kutafuta mafundi wa maabara na kuwafundisha kazi. Baadaye akawa profesa kamili, na kuanzia 1968 hadi 1970 akawa mkuu wa Kitivo cha Sayansi.

Hii haikuwa miaka ya utulivu. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo waliandamana kupinga masharti ya kujiunga na jeshi la kujenga taifa, na Rais Nyerere akawafukuza zaidi ya 300. Februari 1967 likatangazwa Azimio la Arusha, na mwezi uliofuata Nyerere akatoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea. Kila mwalimu, mwenyeji au mgeni, alitakiwa kueleza somo lake linalisaidia nini taifa ambalo watu wake wengi walikuwa wakulima wa jembe la mkono. Kwa mwalimu wa fizikia hilo lilikuwa swali la maana, na Osborne hakulikwepa. Alizungukia shule kulizungumza. Alipoalikwa na mkuu wa Shule ya Mkwawa, Iringa, mada yake kwa wanafunzi ilikuwa fizikia na maendeleo ya taifa.

Mkwawa yenyewe ilikuwa na historia ya kutosha kumfanya mtu afikirie maendeleo. Wakati wa ukoloni majengo yale yalikuwa ya St Michael's and St George's, shule ya bweni ya watoto wa Kizungu, yenye maabara na mabweni ambayo shule za Waafrika hazikuyaota. Baada ya uhuru ilipewa jina la mtemi wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, na ikawa shule ya kidato cha tano na cha sita, ikipokea vijana waliofaulu kutoka kila pembe ya nchi. Mmoja wao alikuwa Erasto Mpemba, aliyetoka Sekondari ya Magamba huko Lushoto, akiwa amebeba swali ambalo kila alipolitoa alichekwa.

Swali lilitokana na aiskrimu. Mwaka 1963, Mpemba akiwa kidato cha tatu, wanafunzi wa Magamba walikuwa na kawaida ya kujitengenezea aiskrimu kwenye friji ya shule. Walichemsha maziwa, wakakoroga sukari, wakaacha mchanganyiko upoe, ndipo wakauingiza kwenye sehemu ya kugandishia. Vyombo vya barafu vilikuwa vichache na wenye hamu walikuwa wengi. Siku moja mwenzake, akihofia kukosa nafasi, alichanganya maziwa na sukari bila kuchemsha akawahi kuyaweka. Mpemba, ambaye maziwa yake ndiyo kwanza yametoka jikoni, aliona akisubiri yapoe atakosa chombo cha mwisho. Alijua kitu cha moto kinaweza kuiharibu friji. Akayatia hivyohivyo yakiwa ya moto. Baada ya saa moja na nusu walifungua: yake yalikuwa yameganda, na ya mwenzake yalikuwa bado uji mzito.

Alimuuliza mwalimu wake wa fizikia, akajibiwa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Likizo ilipofika alikutana na rafiki yake aliyekuwa akitengeneza na kuuza aiskrimu mjini Tanga, akagundua kwamba kwa wauza aiskrimu wa Tanga hili lilikuwa jambo la kawaida kabisa. Mchanganyiko wanauingiza ukiwa wa moto, kwa sababu hivyo ndivyo unavyoganda upesi. Hakuna aliyewafundisha kanuni yoyote. Muda kwao ulikuwa fedha, na friji ilikuwa imewaonyesha njia ya kuuokoa.

Inafaa kutua hapa. Ujuzi ulikuwepo mtaani, mikononi mwa watu waliokuwa wakiutumia kila siku kujipatia riziki. Darasani uligonga ukuta. Mpemba alipofika Mkwawa na kufundishwa kanuni ya Newton ya kupoa, isemayo kwamba kitu hupoteza joto kwa kasi inayotegemea tofauti ya joto lake na la mazingira yake, alinyoosha mkono akauliza tena. Mwalimu alimjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, siyo fizikia ya dunia nzima. Tangu siku hiyo darasa zima lilipata msemo. Akikosea hesabu, ni hesabu za Mpemba. Akisema lolote lisilowapendeza wenzake, ni la Mpemba.

Kijana hakukata tamaa. Alasiri moja alikuta maabara ya biolojia iko wazi na hakuna mwalimu. Akachukua bika mbili za sentimita za ujazo 50, moja akaitia maji ya bomba, nyingine maji ya moto, akaziweka kwenye friji ya maabara. Saa moja baadaye hakuna iliyokuwa imeganda yote, ila ile ya maji ya moto ilikuwa na barafu zaidi. Aliamua kulirudia jaribio hilo nafasi ikipatikana.

Kabla haijapatikana, akaja Osborne kutoka Dar es Salaam.

Mhadhara ulikwisha, maswali yakaanza, yakaendelea kwa karibu saa nzima. Mengi yalikuwa yale ambayo mgeni wa chuo kikuu huulizwa popote: namna ya kupata nafasi ya chuo, masomo yanayofundishwa, mambo ya nyota na ya ardhi, mengine yakivuka hata elimu ya Osborne mwenyewe. Ndipo Mpemba aliposimama. Alilipanga swali lake kama mtu wa maabara: ukichukua bika mbili zenye maji ya kiasi sawa, moja nyuzi 35 na nyingine nyuzi 100, ukaziingiza kwenye friji, iliyoanza na nyuzi 100 ndiyo inayotangulia kuganda. Kwa nini?

Wenzake walicheka. Osborne alitabasamu, akamwomba alirudie swali. Kisha akauliza jambo moja: je, ni kweli, umefanya jaribio hilo? Mpemba akajibu ndiyo. Osborne akasema hajui sababu, ila akirudi Dar es Salaam atalijaribu.

Baadaye Osborne aliandika wazi kwamba pale ukumbini aliamini kijana amekosea. Kilichomzuia asimkatize ni imani yake ya ualimu kwamba wanafunzi wahimizwe kuuliza na kudadisi, na kwamba swali lisidhihakiwe. Alijua pia kwamba mambo ya kawaida huwa si mepesi kama yanavyoonekana. Mwandishi wa makala hii anaona hapo ndipo ulipo uzito wa maisha yote ya kazi ya Osborne. Profesa mgeni, mbele ya wanafunzi na walimu, anaulizwa jambo linaloelekea kuwa upuuzi. Ilikuwa rahisi kabisa kuisoma kanuni ya Newton kwa sauti na kuwaachia wanafunzi wamalizie kwa kicheko. Osborne alitaka kujua kama jaribio limefanyika. Jibu lilipokuwa ndiyo, kijana akawa kwake shahidi, na ushahidi hupimwa.

Wenzake Mpemba hawakuliona hivyo. Walimsuta kwa kuwaaibisha mbele ya mgeni.

Mlimani, Osborne alimpa kazi hiyo fundi kijana wa maabara. Fundi akaleta taarifa kwamba maji yaliyoanza yakiwa ya moto ndiyo yaliyotangulia kuganda, lakini wasiwe na wasiwasi, wangeendelea kurudia jaribio mpaka wapate jibu sahihi. Osborne aliyasimulia maneno hayo katika makala yake. Yanaonyesha jinsi kitabu kinavyoweza kuyashinda macho ya mtu, hata maabarani.

Walirudia, na jibu halikubadilika. Hapo Osborne akaanza uchunguzi wa kweli, kwa vifaa ambavyo shule yoyote yenye friji ingeweza kuvipata. Bika za kioo za sentimita za ujazo 100 zilitiwa maji sentimita za ujazo 70, yakiwa yamechemshwa kwanza ili kuondoa hewa iliyoyeyuka ndani yake, kisha yakaachwa yafike joto lililotakiwa. Bika ziliwekwa juu ya kipande cha povu lisilopitisha joto, ndani ya sehemu ya kugandishia ya friji ya kawaida ya nyumbani. Kipande hicho kilikuwa na maana kubwa. Chombo cha moto kikikaa moja kwa moja juu ya utando wa barafu wa friji huuyeyusha, kikagusana vizuri na chuma baridi kilicho chini yake na kupoteza joto haraka zaidi. Osborne aliutaja uwezekano huo, tena kwa wapika aiskrimu huenda ndio uliokuwa na kazi kubwa. Kwa majaribio yake aliufungia mlango.

Muda ulihesabiwa mpaka maji yalipoanza kuganda, na matokeo yakachorwa kwenye grafu. Maji yaliyokawia kuliko yote ni yale yaliyoanza karibu na nyuzi 25, joto la kawaida la chumba. Yaliyoanza karibu na nyuzi 90 yaliwahi kwa mbali. Maelezo yaliyokuja haraka kichwani ni kwamba maji ya moto hutoa mvuke mwingi, yakapungua, na kidogo kilichobaki kikaganda upesi. Osborne akapima: upungufu ulikuwa mdogo, haukuweza kueleza jambo lote. Akamimina tabaka jembamba la mafuta juu ya maji. Kuganda kukachelewa kwa saa kadhaa, ishara kwamba joto karibu lote lilikuwa likitokea usoni pa maji. Akaangalia tofauti ya joto kati ya juu na chini ya bika. Maji yaliyoanza ya moto yalikuwa na mzunguko wenye nguvu, ya moto yakipanda na ya baridi yakishuka, kiasi kwamba uso wake ulibaki na joto kuliko sehemu nyingine, na uso wenye joto hupoteza joto kwa kasi. Hayo ndiyo aliyoyatoa kama maelezo, kwa tahadhari, akiyafungulia mlango majaribio mengine yenye vifaa bora.

Makala ilitoka mwaka 1969 katika Physics Education, jarida la walimu wa fizikia linalochapishwa Uingereza. Kichwa chake kilikuwa neno moja lenye alama ya kuuliza: Cool? Jina la Mpemba lilitangulia. Mtu anaweza kusema alfabeti ndiyo iliyompa nafasi hiyo, lakini umbo la makala lenyewe linaonyesha heshima aliyopewa. Sehemu ya kwanza imeandikwa na Mpemba kwa nafsi ya kwanza, yeye mwenyewe akisimulia maziwa, friji, kejeli za darasani na wauza aiskrimu wa Tanga. Ndipo Osborne anaingia na vipimo vyake. Katika enzi ambayo Mwafrika aliyemsaidia mtafiti wa Kizungu mara nyingi aliishia kwenye mstari wa shukrani, au asitajwe kabisa, profesa huyu alimwachia mwanafunzi wa sekondari asimulie ugunduzi wake mwenyewe. Na katika sehemu yake aliwaonya walimu wenzake juu ya fizikia inayofundishwa kwa amri.

Makala ikazusha gumzo. Wasomaji wa jarida la New Scientist waliandika barua, wengine wakisimulia waliyoyaona majumbani mwao. Mwaka huohuo, nchini Kanada, mwanasayansi aliyeitwa Kell alikuwa amechapisha makala yake katika jarida la Kimarekani kuhusu jambo hilohilo, bila kujua yanayotendeka Dar es Salaam. Alisema watu wa nchi yake ya baridi kali walikuwa na imani hiyo siku nyingi. Walioingia maktaba walikuta nyayo za zamani zaidi. Aristotle alilitaja, Francis Bacon alilitaja mwaka 1620, na Descartes alilizungumza mwaka 1637. Elimu ya Ulaya ilikuwa imelijua kwa karne nyingi, ikalipoteza fizikia ya joto ilipokamilisha kanuni zake katika karne ya 19. Kanuni zilikuwa nzuri kiasi kwamba hakuna aliyeona haja ya kufungua friji na kutazama.

Mpemba, wakati makala inatoka, alikuwa Chuo cha Wanyamapori cha Mweka, karibu na Moshi. Hakuwa mwanafizikia. Aliitumikia nchi yake katika uhifadhi wa wanyamapori na kupanda vyeo huko serikalini. Wapo wanaosikitika kwamba nchi ilimpoteza mwanafizikia. Hilo ni gumu kuthibitisha, na Tanzania ya miaka ile ilihitaji wahifadhi wenye jicho la kuona kisichoandikwa kitabuni sawasawa na ilivyohitaji maprofesa.

Osborne naye aliiacha fizikia ya kufundisha. Aliondoka Dar es Salaam mwaka 1971, mwaka mmoja baada ya chuo kuvunja muungano na Makerere na Nairobi na kuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinachojitegemea. Mwaka 1972 aliingia katika utumishi wa serikali ya Uingereza, upande wa misaada ya maendeleo kwa nchi za nje. Kwa mtu aliyekuwa amezungumzia fizikia na maendeleo mbele ya vijana wa Iringa, hatua hiyo haishangazi: alikwenda kulifanyia kazi lile neno la pili. Alikuwa pia Mkristo aliyeichukulia imani yake kwa dhati, na mwaka 1977 alitoa kitabu kidogo cha mifano kuhusu sayansi na imani kiitwacho Way Out.

Swali la Mkwawa hakuliacha. Mwaka 1979, akiwa ameshakaa nje ya maabara kwa miaka, alirudi katika Physics Education na makala fupi aliyoiita Mind on Ice, kutafakari majaribio yale na yaliyofuata. Wakati huo walimu wengine walikuwa wamekwisha kujaribu na kupata majibu yanayogongana. Wengine waliona maji ya moto yakitangulia, wengine hawakuona kitu. Jambo lilitegemea chombo, kiasi cha maji, mahali kipimajoto kilipowekwa, hata aina ya friji.

Mwaka 1987 Osborne aliteuliwa kuwa Balozi wa Uingereza nchini Malawi, akakaa Lilongwe mpaka 1990, wakati wa utawala wa Kamuzu Banda. Alipotoka huko aligeukia mafunzo ya utawala bora na vita dhidi ya rushwa, akiandika na kushauri nchi mbalimbali. Wanadiplomasia waliowahi kuwa maprofesa wa fizikia ni wachache. Waliofundisha Accra na Dar es Salaam katika miaka ya mwanzo ya uhuru kabla ya kupewa ubalozi Afrika ni wachache zaidi.

Mwaka 2012 Jumuiya ya Kifalme ya Kemia ya Uingereza ilitangaza zawadi ya pauni 1,000 kwa atakayetoa maelezo bora ya kwa nini maji ya moto hutangulia kuganda. Yalikuja majibu yapatayo 22,000 kutoka duniani kote, na mshindi akawa Nikola Bregović wa Zagreb, Kroatia. Hata yeye hakudai kwamba amelimaliza suala. Osborne alifariki mwaka 2014.

Hakuyaona yaliyofuata, na ni mengi. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walikusanya vipimo vya zamani, wakafanya na vya kwao, wakaeleza kwamba hawakupata ushahidi wa kutosha kuwa maji ya moto hupoa upesi kuliko ya baridi. Walionyesha kwamba kipimajoto kikisogezwa sentimita moja tu juu au chini ndani ya bika, athari inaweza kujitokeza au kutoweka. Waliangalia muda wa maji kushuka hadi nyuzi 0, siyo muda wa barafu kuanza. Baina ya mambo hayo mawili kuna nafasi pana, kwa sababu maji yanaweza kushuka chini ya nyuzi 0 yakabaki majimaji kwa muda kabla ya kuganda. Wengi wanahisi sehemu ya siri imejificha hapo.

Upande mwingine, wataalamu wa nadharia wameliondoa swali kwenye friji kabisa. Mwaka 2017 Zhiyue Lu na Oren Raz walionyesha kwa hesabu kwamba mfumo ulio mbali na utulivu wake unaweza kupata njia ya mkato ya kupoa ambayo mfumo uliokaribia utulivu hauipati. Mwaka 2020, katika Chuo Kikuu cha Simon Fraser huko Kanada, Avinash Kumar na John Bechhoefer walilijaribu wazo hilo kwa chembe ndogo sana iliyo ndani ya maji, wakaisukuma kwa miale ya leza, wakarudia tena na tena hadi takwimu zikatosha. Chembe iliyoanza na joto zaidi, ikipewa mazingira yanayofaa, ilifika kwenye utulivu mapema kuliko iliyoanza na joto la kadiri. Baada yao wakaja watafiti wa fizikia ya kwanta, wanaofanya kazi na atomu chache zilizonaswa na kupozwa karibu na sifuri kabisa, nao wameiona tabia hiyo katika mifumo yao.

Maabara hizo hazina maziwa wala friji, na watafiti wake wengi hawakuwa wamezaliwa Osborne alipokuwa akimimina mafuta juu ya bika kule Mlimani. Jambo wanalolipima wanaliita athari ya Mpemba, na makala ya kurasa chache ya mwaka 1969 bado imo katika marejeo yao.